Kumwandikia wakala wa akili mnemba maelezo ya zana za kivinjari

Wakala wetu, yaani programu ya akili mnemba inayotumia kivinjari yenyewe, hujaza fomu za oda za dagaa kwa wachuuzi wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Maelezo ya zana zake, yaani amri anazoweza kuzitumia kama kubofya, nayaandika mimi.

Usiandike “bofya” ukaishia hapo. Taja zana inapokea nini, inarudisha nini, ikikwama inasemaje. Playwright ya Python, maktaba ya kuendesha kivinjari kwa msimbo, kabla ya kubofya, husubiri kitufe kionekane, kitulie, kiwe kimewashwa. Usipobadilisha muda wa kusubiri, sekunde 30 zikipita hutoa kosa. Nukuu kosa hilo neno kwa neno, kisha agiza: soma ukurasa upya, usirudie kubofya kwa pupa. La sivyo oda itakwenda mara mbili, na wachuuzi wale hawana simile.

Kitufe kitaje kwa jina lake, “Tuma oda”, si kwa mahali kilipo.