Usimfungie Mungu mlango wa stoo

Mama yangu akisikia mchungaji anakuja kututembelea, tulikuwa tunafagia uwanja mpaka vumbi linatuingia puani. Vitambaa vya kufuma vinatandikwa kwenye makochi, na kila kisicho na mahali pake kinasukumwa stoo: magunia, ndoo iliyopasuka, baiskeli isiyo na tairi. Mlango unafungwa. Mchungaji anakaa sebuleni, anakunywa chai, anaomba, anaondoka.

Na Mungu nimeishi naye hivyo hivyo miaka mingi. Sebuleni karibu, stoo hapana. Lakini Paulo anawaombea Waefeso (3:17) Kristo "akae" mioyoni mwao. Anayekuja kukaa si mgeni wa chai. Ipo siku ataulizia ufunguo.

Ninavyofanya ni hivi. Usiku, nikishafunika cherehani, naiacha simu sebuleni, nazima taa na kukaa kitandani. Naomba Zaburi 139:23, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu", kisha nanyamaza. Usianze kuhesabu dhambi kubwa ambazo hukuzitenda (hizo tunazipenda sana). Ngoja. Kwangu mimi karibu kila mara huja jina la mtu.

Kwa muda mrefu lilikuwa la wifi yangu. Nilimdhamini kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, akakopa shilingi 150,000, akashindwa kurejesha, wakakata kwenye hisa zangu. Kila Jumapili tulishikana mikono mlangoni mwa kanisa, "Bwana Yesu asifiwe", "Amina", na mimi moyoni nahesabu: laki na nusu.

Mathayo 5:23-24 inasema uiache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Basi nenda, ila nenda vizuri. Usitume meseji. Usibebe shahidi. Usiende na njaa, maana njaa ina mdomo. Na usianze na kosa lake, anza na lako, hata kama unaliona dogo. Mimi nilienda Alhamisi jioni na ndizi mbivu kwenye kikapu, nikamkuta anachambua maharage. Nikamwambia, "Wifi, nimekusema vibaya kwa watu." Pesa sikuigusa. Akaendelea kuchambua, akatupa kokoto moja, ya pili, kisha akasema, "Na mimi nimekusema, wifi." Hela hajalipa mpaka leo.

Kama mtu huyo anaweza kukudhuru, usiende. Lipeleke jambo hilo kwa mchungaji au mzee wa kanisa unayemwamini. Kama alishafariki, liseme jambo hilo mbele za Mungu kwa sauti, umtaje kwa jina.

Kisha pajaze pale ulipopasafisha moyoni. Wengi wetu tunakwama hapa: tunatubu, tunalia, tunaacha chumba kitupu. Kwenye Mathayo 12:44-45 pepo mchafu anairudia nyumba na kuikuta "tupu, imefagiwa na kupambwa", na anakuja na wenzake saba. Ufagio peke yake haukumzuia. Mimi pale palipokuwa na kinyongo nimeweka maombi: kila ninapopiga pasi sare za shule za wateja, namwombea wifi na watoto wake, shati kwa shati. Siku za mwanzo nilikuwa naomba meno yameumana. Niliomba hivyo hivyo.

Juzi nimenyamaza gizani, likaja jina la mteja aliyechukua gauni akaahidi kulipa mwisho wa mwezi, na mambo niliyomsema kwa jirani. Kesho ni Alhamisi. Ndizi nimeshazifukia.