Kocha wa Shule ya Kikatoliki Akimtaka Mwanao: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kusaini

Simu huanza kuingia mtoto akiwa darasa la 7 au la 8, mara nyingi baada ya mashindano ya kikapu ya AAU, chama cha michezo ya vijana Marekani. Kijana ana futi 6 na inchi 3, mikono mirefu. Mchezo ukiisha, mtu asiyejulikana anamsogelea mama na kumwambia kwamba shule fulani ya Kikatoliki ingempokea. Kwa familia zilizotoka Bukavu, Kigoma au Bujumbura zikahamia Ohio, Texas au Maryland, neno hilo ni zito, kwa sababu shule za Kikatoliki tunazijua tangu nyumbani. Na nyingi ni nzuri kweli. DeMatha ya Hyattsville, Maryland, ambako Morgan Wootten alikuwa kocha kwa misimu 46 na kushinda michezo 1,274, ndiko waliposoma Victor Oladipo na Markelle Fultz, waliofika NBA. Ila mwaliko wa kocha si barua ya kukubaliwa, na barua ya kukubaliwa haijalipa ada.

Mrudishe kocha kwenye ofisi ya udahili

Vyama vinavyosimamia michezo ya sekondari katika majimbo ya Marekani vinakataza shule kumvuta mwanafunzi kwa ajili ya mchezo. Shule inaweza kujitangaza kwa watoto wote. Kocha kumfuata mtoto mmoja kwa ahadi ni kosa. Kwa hiyo jibu ni moja: "Asante, nitawasiliana na ofisi ya udahili." Kisha piga namba iliyo kwenye tovuti ya shule, si ile uliyotumiwa kwa WhatsApp.

Viatu, nauli, simu mpya, chumba cha kulala kwa mtu anayeishi karibu na shule, au ombi la kuhamisha ulezi wa kisheria ili anwani ibadilike: kataa vyote. Mambo hayo yakigundulika, anayefungiwa kucheza ni mtoto, na ushindi wa timu aliyochezea unaweza kufutwa.

Hesabu ya ada

Hapa ndipo familia nyingi huumia, basi tukae kidogo. Katika majimbo mengi shule ya sekondari hairuhusiwi kutoa ufadhili kwa sababu ya kipaji cha mchezo. Msaada hutolewa kwa kuangalia kipato, na fomu hujazwa kwa kampuni ya nje kama FACTS. Utahitaji ripoti ya kodi ya mwaka uliopita, fomu za W-2 (za mshahara na kodi iliyokatwa) za kila kazi, na uthibitisho wa misaada mingine mnayopokea. Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguka vuli na kufungwa kati ya Desemba na Februari. Jaza mapema, hata kabla ya matokeo ya mtihani wa kuingia, kwa sababu fungu likishagawanywa anayechelewa hukuta makombo.

Barua ya msaada ikija, kaa na kalamu. Chukua mfano huu: ada dola 18,000, msaada 11,000, zinabaki 7,000. Wengi huishia hapo. Ongeza ada ya uandikishaji 400, kompyuta na vitabu 700, sare 350, basi la shule 1,200, ada ya michezo 250. Sasa unadaiwa 9,900, na ukilipa kwa miezi 10 ni dola 990 kila mwezi. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka mezani kwa mwenzako, si ile 7,000.

Uliza kwa barua pepe, ili ujibiwe kwa maandishi: Je, msaada huu ni wa mwaka mmoja au wa miaka minne? Ada ikipanda, na msaada unapanda? Mtoto akiumia goti au akiacha kikapu, unabaki? Kwa kawaida msaada huombwa upya kila mwaka. Baba akichukua zamu za ziada kiwandani, kipato kinapanda kwenye karatasi na msaada unashuka mwaka unaofuata. Asiyelijua hilo hujikuta darasa la 10 akiwa na deni.

Kuna njia mbili za kupunguza mzigo. Ya kwanza ni vocha za ada kutoka serikali ya jimbo: Ohio, Indiana, Florida na Arizona wanazo. Ohio, maombi ya vocha yake, EdChoice, hupitia shule yenyewe, basi waulize tarehe. Ya pili ni parokia. Shule nyingi hutoza Wakatoliki ada ndogo zaidi, lakini kwa barua ya paroko. Familia inaweza kusali Misa ya Kiswahili kila Jumapili, ikaimba hata kwaya, lakini jina halimo kwenye daftari la parokia. Paroko wa Marekani huangalia daftari hilo na bahasha za sadaka zenye namba yenu. Jiandikisheni mwaka mzima kabla, na agizeni nakala ya cheti cha ubatizo nyumbani sasa, kwa sababu kukitafuta Uvira au Goma huchukua miezi. Wasio Wakatoliki, Waislamu wakiwemo, hupokelewa pia. Watahudhuria somo la dini na Misa za shule, basi mzungumze na mtoto kabla.

Mtihani

Shule nyingi hutumia mtihani wa kuingia uitwao HSPT: maswali 298, takriban saa mbili na nusu, hufanywa darasa la 8 kati ya Novemba na Januari. Jimbo kuu Katoliki la New York lina wake, TACHS, mwezi Novemba. Kwenye HSPT jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo mtoto ajaze kila kiduara hata kwa kubahatisha. Kinachowaangusha watoto wetu ni kasi zaidi ya ugumu. Mnunulieni kitabu cha mazoezi na mumpimie kwa saa, wiki 8 kabla.

Umri, na ile tarehe ya Januari 1

Watoto wengi waliokuja kama wakimbizi wana tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1, kwa sababu kambini hakuna aliyeuliza zaidi ya mwaka. Kwenye kikapu tarehe hiyo ina uzito. Majimbo mengi humzuia mwanafunzi anayetimiza miaka 19 kabla ya mwanzo wa mwaka wa shule, na humpa mihula 8 tu tangu aanze darasa la 9. Kama tarehe si sahihi na mna ushahidi, muoneni mwanasheria wa uhamiaji akiwa bado darasa la 6 au la 7. Msibadilishe karatasi moja na kuacha nyingine; tarehe mbili tofauti huleta shida kubwa kuliko tarehe moja mbaya.

Kocha akishauri arudie darasa "ili akue", ujue kwamba kurudia la 8 hakujaanza hesabu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, lakini kurudia la 9 na kuendelea kunakula muda wake.

Masomo 16

Ili acheze Divisheni ya Kwanza chuoni, NCAA inataka masomo 16 ya msingi: Kiingereza miaka 4, hisabati 3 kuanzia aljebra, sayansi 2, mwaka 1 zaidi wa mojawapo ya hayo, sayansi ya jamii 2, na mengine 4 kama lugha. Wastani wa alama usishuke chini ya 2.3 kwa kipimo cha 4.0. Masomo 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya darasa la 12. SAT na ACT, mitihani ya kuingia chuo, zimeondolewa kwenye masharti hayo tangu 2023.

Somo la dini shuleni huchukua miaka minne, lakini NCAA huhesabu dini ikifundishwa kama falsafa au ulinganisho wa dini, si katekesi. Madarasa ya mwanzo ya Kiingereza kwa wageni nayo mara nyingi hayamo kwenye orodha. Kila shule ina orodha yake kwenye tovuti ya NCAA. Itafute kwa jina la shule, ichape, uende nayo kwa mshauri wa masomo kila Agosti, mwaka baada ya mwaka.

Timu yenyewe

Siku ya kutembelea shule, usiulize "atacheza?" Kocha yeyote atasema ndiyo. Fungua MaxPreps, tovuti ya takwimu za michezo ya sekondari, chukua majina ya kikosi cha miaka mitatu iliyopita, uone wangapi kati ya wale wa darasa la 9 wapo bado darasa la 12. Wakibaki wawili kati ya kumi, shule hiyo inachukua vijana wakubwa wanaohamia, na mwanao atapitwa hivyo hivyo. Uliza pia mazoezi yanaisha saa ngapi na basi la mwisho ni saa ngapi. Mama akiwa zamu ya usiku na shule iko maili 20, mtoto wa miaka 14 atarudi na nani saa mbili usiku?

Uliza idadi ya wanafunzi, mwaka huu na miaka mitano iliyopita. St. Patrick ya Elizabeth, New Jersey, alikosoma nyota wa NBA Kyrie Irving, ilifungwa 2012. St. Anthony ya Jersey City, ya kocha Bob Hurley aliyeingizwa kwenye Jumba la Umaarufu la kikapu, ilifungwa 2017 kwa kukosa pesa. Vikombe havikuiokoa.

Mtoto aliye bado Afrika

Viza ya mwanafunzi, F-1, kwa shule ya sekondari ya umma hairuhusu zaidi ya miezi 12. Ndiyo maana mawakala hupeleka vijana shule za binafsi. Shule iwe na idhini ya SEVP, ofisi ya serikali inayoruhusu shule kupokea wanafunzi wa kigeni, na itoe fomu ya I-20 (ya kuombea viza) yenye gharama zote zikiwa zimeandikwa. Ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 na hulipwa serikalini, si kwa wakala. Pasipoti abaki nayo mtoto au mlezi mliyemkubali kwa maandishi, kamwe si kocha. Aliyemaliza kidato cha nne Tanzania au Kenya asidanganywe kurudia sekondari Marekani: NCAA huhesabu miaka yake tangu mwaka wa 9 wa masomo, na masomo atakayoongeza baada ya muda kuisha hayataingia.

Ikibidi kuhama shule

Kabla hamjahama, mpigieni msimamizi wa michezo wa shule mpya mumuulize mtoto atakaa nje michezo mingapi, kwa sababu kuhama bila familia kubadili makazi huleta adhabu katika majimbo mengi. Lipeni deni kwanza, au mwandikiane namna ya kulilipa. Shule ya binafsi inaweza kushikilia rekodi ya alama hadi senti ya mwisho, na bila rekodi hiyo NCAA haina cha kukagua.