Mwalimu wa Darasa la Mtandaoni Aonapo Dalili za Ukatili kwa Mtoto

Shule za Tanzania zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, baadhi ya walimu waliendelea kufundisha kwa Zoom na WhatsApp, wakajikuta wakiyaona maisha ya nyumbani ambayo awali mtoto aliyaacha mlangoni mwa shule. Mwongozo huu ni wa mwalimu anayefundisha kwa njia hiyo hadi leo.

Kabla ya kipindi, weka neno la siri na chumba cha kusubiri, umruhusu kuingia yule tu ambaye jina lake limo kwenye daftari la mahudhurio, na uzime ujumbe wa faragha baina ya washiriki. Usimpigie mtoto simu ya video mkiwa wawili tu, hata kwa nia njema.

Dalili moja haitoshi kumshuku mzazi, na kamera kuzimwa si dalili, kwani wapo watoto wanaoona haya kuonyesha chumba wanacholala. Kinachopaswa kukushtua ni mabadiliko: mtoto aliyekuwa mchangamfu sasa hutazama pembeni kabla ya kujibu, au hunywea kila mlango unapofunguliwa, mwingine huonekana siku baada ya siku akilea mdogo wake bila mtu mzima, naye husema hawajala tangu jana. Andika tarehe, saa na maneno yenyewe ya mtoto, bila kuongeza tafsiri yako.

Kosa linaloniumiza zaidi ni kumhoji mtoto mbele ya wenzake au kumpigia mzazi papo hapo, ilhali anayemtesa huenda ameketi karibu naye, pale ambapo kamera haifiki. Mwombe abaki mwisho wa kipindi kwa sababu ya kawaida, kama kusahihisha zoezi, mwalimu mwenzako akiwepo, kisha uulize maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana, ukianza na kama yuko peke yake. Akisema hayuko peke yake, rudi kwenye zoezi. Akikusimulia, msikilize bila kumkatiza, usimwahidi kutunza siri, wala usimchimbe kwa undani, maana kumhoji ni kazi ya afisa ustawi wa jamii.

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za kukiukwa kwa haki za mtoto kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, kwa hiyo jambo hili si la kumalizwa kifamilia. Unaweza pia kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Mjulishe mwalimu mkuu, isipokuwa pale anaposhukiwa yeye. Ukitumiwa picha ya utupu ya mtoto, usiisambaze hata kwa jina la ushahidi. Ipeleke polisi simu yenyewe.

Kipindi kinachofuata mtoto asipoonekana, mtaarifu siku hiyohiyo afisa aliyepokea shauri lake.