Mbegu ya Desmodiamu Haifukiwi Kama Mahindi

Wakulima wa mahindi wanaofuata kilimo cha sukuma-vuta, yaani kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi, wanaendelea kulalamika kwamba mbegu waliyoinunua kwa bei kubwa haikuota, na karibu kila ninapokwenda shambani nakuta kosa ni lilelile: mbegu imefukiwa kwa jembe, kwenye kina cha sentimita 5 au zaidi. Mbegu hii ni ndogo, inakaribiana na punje ya ulezi, na akiba yake ya chakula huisha kabla chipukizi halijafika juu. Katika shamba moja nilifukua mstari kwa ncha ya kisu, nikakuta vichipukizi vyeupe, vyembamba kama uzi, vimejikunja chini ya bonge la udongo, na mwenye shamba alikuwa ameshaanza kumlaumu muuza mbegu.

Hasara hiyo haiishii kwenye bei ya mbegu, kwa sababu dawa ya kuzuia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, katika kilimo hiki hutoka kwenye mizizi hai ya desmodiamu. Watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, waliopo Mbita, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, walichunguza kemikali zinazotolewa na mizizi hiyo, na mwaka 2003 wakaeleza viambato viwili vinavyofanya kazi kwa zamu: unsinanoni B huziamsha mbegu za kiduha zichipue, kisha unsinanoni C huzuia kimzizi chake kurefuka. Kiduha kilichoamshwa kisipate mzizi wa mahindi wa kunyonya hufa palepale, na akiba ya mbegu zake ardhini hupungua msimu hadi msimu. Kung'oa kwa mkono hakufikii hapo, kwa kuwa kiduha huanza kunyonya mahindi kikiwa bado chini ya udongo.

Kwa hiyo pima. Mistari ya mahindi ikiwa na nafasi ya sentimita 75, mfereji wa desmodiamu upite katikati kabisa, sentimita 37 na nusu kutoka kila upande, nao uchorwe kwa kijiti kilichochongwa wala si kwa jembe. Kina chake ni sentimita 1 hadi 2. Asiye na rula atumie ukucha wa kidole cha shahada, na ukucha ukizama wote hadi nyama, mfereji umetosha. Changanya konzi moja ya mbegu na konzi mbili za mchanga laini au mbolea ya fosfati ili isimwagike kwa mafungu, kisha fukia kwa kupitisha tawi lenye majani juu ya mstari. Usikanyage.

Panda mvua zinapoanza, siku moja na mahindi. Wapo wanaosubiri mahindi yafike magotini "ili yasibanwe", na hao hujidanganya, maana mche mchanga wa desmodiamu hukua polepole sana na kivuli cha mahindi huumaliza.

Palizi ya kwanza ni wiki ya 3, ya pili wiki ya 5. Karibu na mstari tumia mkono, na wafanye palizi wale tu walioonyeshwa mche wenyewe: majani matatu kwenye kikonyo kimoja, yenye vinyweleo vinavyonata kidogo vidoleni. Nimeona kibarua akimaliza robo eka ya desmodiamu asubuhi moja akidhani ni magugu.

Ikifunika udongo kati ya mistari, imeshika. Msimu unaofuata usiilime.