Chakula cha kuwashukuru manesi: wakumbuke wa usiku

Ukitaka kuwapelekea manesi wa wodi chakula cha shukrani, acha sufuria la pilau nyumbani. Pilau inataka sahani, vijiko na nafasi ya kukaa, na nesi akiwa zamu nafasi hiyo hana. Peleka vinavyoliwa kwa mkono mmoja: sambusa, vitumbua, ndizi mbivu. Kila kimoja kifunge peke yake, ili anayekimbilia kitanda kingine akiweke mfukoni.

Wa usiku ndio husahaulika. Keki huja mchana, ikaliwa mchana, na yule aliyembadilishia mgonjwa wako dripu saa tisa usiku anakuta boksi tupu. Gawa mafungu mawili, moja liandike “Zamu ya usiku”, umkabidhi nesi kiongozi wa wodi. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje zaidi ya saa mbili, kwa hiyo fungu hilo liwe la vikavu: korosho, biskuti, majani ya chai, sukari. Mwezi wa Ramadhani ongeza tende, zifike kabla ya magharibi. Ukienda jioni, subiri wamalize kukabidhiana wagonjwa.

Na tafadhali, peleka baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Zawadi ikija akiwa bado kitandani humweka nesi pabaya, maana wengine wataiona rushwa.

Wahudumu wanaopiga deki wodini nao wahesabie, uwataje kwenye karatasi ya shukrani.