Namna ya Kubaini Kasi, Ufunguo na Hisia za Wimbo Mtakatifu wa Kwaya Uliorekodiwa

Programu nyingi za kupanga muziki humpa mtumiaji majibu matatu papo hapo: mapigo kwa dakika, ufunguo (yaani noti na mpangilio ambao wimbo umejengwa juu yake) na hisia. Kwa muziki wa densi, ambao ngoma zake hugonga sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, majibu hayo huwa karibu na ukweli. Kwa wimbo mtakatifu wa kwaya, hasa unaoimbwa bila ala, mara nyingi hupotosha, kwa kuwa programu hutafuta mapigo ya ngoma ambayo hayapo, na mwangwi wa kanisa hufifisha mahali sauti moja inapokoma na nyingine inapoanza. Anayepanga maktaba ya rekodi, au anayetaka kuifundisha kwaya yake wimbo aliousikia, atapata majibu ya kuaminika zaidi kwa sikio lake mwenyewe, akiwa na kinanda kidogo na saa ya kupimia sekunde.

Anza na kasi. Sikiliza ubeti mmoja huku ukigonga kidole taratibu, na utafute pigo ambalo ungeliongoza kwa mkono kama ungesimama mbele ya waimbaji. Zingatia kwamba katika kwaya iliyofunzwa vizuri konsonanti hutangulia kidogo ili irabu ndiyo iangukie kwenye pigo. Ukigonga pale unaposikia "s" au "m" ya mwanzo wa neno, utakuwa mbele ya wimbo kila mara. Ukishalipata pigo, washa saa kwenye pigo la kwanza na ulihesabu kuwa sifuri, si moja, kwa sababu unachopima ni nafasi kati ya mapigo. Tuseme ubeti una vipimo (mafungu ya mapigo) vinane vya mapigo manne manne: hesabu hadi pigo la kwanza la kipimo cha nane, yaani mapigo 28, kisha usimamishe saa kabla ya ule mvuto wa pumzi unaofunga ubeti. Ikiwa zimepita sekunde 25, zidisha 28 kwa 60 na ugawanye kwa 25. Utapata takriban mapigo 67 kwa dakika. Rudia zoezi hilo katika ubeti wa kati na wa mwisho. Majibu yakitofautiana, usitafute wastani, bali andika kasi ya chini kabisa na ya juu kabisa, kwa mfano 60 hadi 67, kwa kuwa kupungua na kuongezeka huko ni sehemu ya uimbaji wenyewe. Programu ikikupa tarakimu iliyo mara mbili au nusu ya yako, au mara tatu katika wimbo wa polepole wa sita kwa nane (ambao kila pigo lake lina vipande vitatu), imehesabu vipande vya pigo, au mapigo mawili mawili, badala ya pigo lenyewe.

Ufunguo unadai subira zaidi, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Fuata besi, yaani sauti ya chini kabisa, usifuate soprano, sauti ya juu. Sikiliza mwisho wa wimbo, shika noti ya chini kabisa ya kodi (noti kadhaa zinazoimbwa pamoja) ya mwisho kwa kuivumisha mdomoni, kisha uitafute kwenye kinanda. Kutoka hapo imba do, re, mi, fa, so. Ikiwa mi yako inakaa vizuri na wimbo mzima, si na kodi ya mwisho pekee, uko kwenye meja, mpangilio wa noti unaotulia kwenye do. Ikiwa noti hiyo ya mwisho inajisikia kama "la", noti inayofuata so, huenda uko kwenye maina, mpangilio unaotulia kwenye noti hiyo. Thibitisha kwa kutafuta so iliyopandishwa nusu toni, ambayo waimbaji wa solfa huiita "se", kwa sababu hiyo ndiyo inayoitenga A maina na C meja ilhali noti nyingine zote ni zile zile. Tahadhari hii ni ya lazima katika nyimbo za karne za nyuma: watunzi wengi walimaliza wimbo wa maina kwa kodi ya meja, na anayesikiliza sekunde za mwisho tu atakosea. Nyimbo za Kigregori, zile za kale za Kilatini za Kanisa Katoliki, kwa upande wake zina modi (mipangilio ya noti) nane na hazina budi kuandikwa hivyo; noti ya mwisho ikiwa re au mi, kulazimisha meja au maina ni kuupa wimbo jina lisilo lake.

Baada ya hapo linganisha mwanzo na mwisho. Kwaya isiyosindikizwa na kinanda hushuka mara kwa mara, na wimbo ulioanza katika G unaweza kuishia F shapu, nusu toni chini yake, bila mwimbaji yeyote kutambua. Andika ufunguo wa mwanzo, kisha ongeza kwamba sauti inashuka. Ikiwa rekodi nzima iko nusu toni chini ya nota zilizochapishwa na kuna vinanda au fidla za kale, huenda wameweka A kwenye hezi 415 badala ya 440, kama ilivyo desturi ya makundi mengi yanayopiga muziki wa Kibaroko, yaani wa Ulaya wa karne ya 17 na nusu ya kwanza ya karne ya 18. Rekodi iliyonakiliwa kutoka kwenye kaseti ina kasoro nyingine: mkanda uliokwenda haraka kwa asilimia 6 hivi hupandisha ufunguo nusu toni na kuongeza kasi kwa kiwango kile kile, kwa hiyo sahihisha vyote viwili kwa pamoja.

Hisia zije mwisho, na zisitokane na ufunguo. "Ave verum corpus" ya Mozart, aliyoitunga mwaka 1791, iko katika D meja, lakini maneno yake yanazungumzia ubavu uliochomwa na saa ya kufa. Anayeiandika kuwa "ya furaha" kwa sababu ya meja hajausikia wimbo huo. Sikiliza kwanza bila kusoma maneno, ukizingatia kama sauti zinaimba noti moja au zimegawanyika, na kama waimbaji wa teno, sauti ya juu ya wanaume, wamepelekwa juu kiasi cha kukaza. Kisha soma maneno na usikilize tena. Chagua majina yanayotumika katika ibada yenyewe, kama toba, sifa, maombolezo, shukrani au tafakari, kwani yanamsaidia kiongozi wa kwaya kuliko "tulivu" au "yenye nguvu". Wimbo unaohama kutoka kilio hadi sifa uandikiwe hisia zote mbili kwa mfuatano wake, pamoja na dakika na sekunde ambapo mabadiliko hayo yanaanza.