Somo la gofu: Draiva mpya, kabla hujagusa skrubu

Kila mashindano ya klabu yakikaribia naulizwa lilelile: "Nimenunua draiva mpya, mpira unakwenda kulia, nizungushe wapi?" Nimelijibu klabuni, kwenye simu, hata usiku wa manane. Leo naliandika lote, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Draiva ni ile fimbo ndefu ya kupiga mpira mbali. Naandika kwa wanaopiga kwa kulia. Wa kushoto geuzeni pande.

Hatua ya 1. Hakikisha ni halisi: namba ya utambulisho iwe imechorwa ndani ya chuma cha shingo (pale shafti, yaani mti wa fimbo, inapoingia kichwani), siyo stika. Na ukiambiwa uso, yaani upande unaogonga mpira, ni wa titani, weka sumaku. Ikishika, rudisha.

Hatua ya 2. Anza na fimbo fupi, mwili upate moto.

Hatua ya 3. Mpira uwe usawa wa kisigino cha mguu wa kushoto, na tii, kijiti cha kuwekea mpira, iwe juu kiasi cha nusu ya mpira kuonekana juu ya kichwa cha draiva.

Hatua ya 4. Poda. Paka poda ya mtoto kidogo usoni mwa draiva, piga, tazama alama, futa, paka tena. Fanya hivyo kwa mipira kumi hivi bila kubadili chochote. Alama zikirundikana upande wa kisigino, karibu na shafti, mpira utapinda kulia hata kama uso ulikuwa umenyooka. Zikiwa upande wa ncha, utapinda kushoto. Kichwa kikigongwa nje ya kitovu hujipinda kidogo, na mpira uliogusana nacho huzunguka kinyume chake, kama gia mbili zinazosagana. Alama za chini ya uso huleta mzunguko mwingi wa nyuma na umbali hupotea. Vichwa vya sasa vya sentimita za ujazo 460, ambao ndio ukomo wa sheria, vimepunguza madhara hayo, havijayaondoa. Poda ni ya mazoezini tu: ukipiga mpira wa mashindano ukiwa umepaka kitu usoni, unaondolewa.

Hatua ya 5. Skrubu ya shingo. Someni taratibu, kwa sababu hapa ndipo draiva nzuri zinapotupwa bila kosa lao. Tangu kampuni ya TaylorMade ilipotoa draiva ya R9 mwaka 2009, shingo inayofunguliwa imekuwa jambo la kawaida: unaongeza au kupunguza lofti, yaani namna uso ulivyolala. Mtu anaona mpira unapaa na kupinda kulia, anashusha lofti kutoka digrii 10.5 hadi 9 ili apate umbali. Mpira unapinda zaidi. Anashusha tena! Kwenye shingo nyingi za aina hii, kushusha lofti kunaufungua uso, unatazama kulia. Kupandisha kunaufunga, unatazama kushoto. Kwa hiyo mwenye mpira wa kwenda kulia anatakiwa apandishe, yaani kinyume kabisa cha anachofanya. Kampuni ya Titleist wana pete mbili shingoni, moja ya herufi na moja ya namba, na jedwali lao, fuata jedwali.

Maonyo, na nasisitiza:
– Badilisha kitu kimoja, kisha rudi kwenye poda. Ukibadili viwili kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.
– Tumia spana iliyokuja na draiva. Ikilia "kliki", acha. Spana ya gereji hula uzi wa skrubu.
– Raundi ikianza, usiguse. Kanuni ya 4.1a inakataza kubadili mpangilio katikati ya mchezo. Ukirudisha ulivyokuwa kabla ya kupiga, hakuna adhabu. Ukipiga hata mara moja, umeondolewa.

Hatua ya 6. Vizito vya kichwani, kama vipo: kikiwa kisigino husaidia uso ufunge, kikiwa nyuma huleta utulivu, kikiwa mbele hupunguza mzunguko.

Hatua ya 7. Usiuze ya zamani mpaka umecheza na mpya kwenye upepo.

MASWALI

Chipukizi wa Thika: Asante mkuu. Yangu inapeleka mpira kulia. Nizungushe wapi?

Jibu: Hatua ya 4, halafu ya 5.

Chipukizi wa Thika: Poda sina. Nipe tu namba ya kuweka.

Jibu: Hakuna namba bila alama. Poda inauzwa kila kioski.

Bingwa wa Jumapili: Mwalimu wetu anasema lofti ndogo ndiyo umbali. Wewe umesomea wapi?

Jibu: Sijampinga mwalimu wako. Mwenye kasi kubwa, anayeugonga mpira fimbo ikiwa inapanda, lofti ndogo inamfaa. Mwenye kasi ya kawaida akishusha lofti, mpira unaanguka mapema kwa kukosa mpaao, yaani nguvu ya kuubeba hewani. Muulize mwalimu alikuwa anamzungumzia nani.

Dada wa Nyali: Shikamoo. Mimi ni wa Mombasa, lakini draiva nilipimiwa Nairobi na fundi wa fimbo, kwa mashine. Kule ilikuwa inanyooka, huku inapinda na umbali umepungua. Fundi alikosea?

Jibu: Marahaba dada, hili ni swali la mtu anayetazama. Fundi huenda hana kosa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira husafiri mbali zaidi kwa takriban asilimia 6. Hewa hiyohiyo nyepesi haiushiki mpira unaozunguka, kwa hiyo hata mpindo hupungua. Ukishuka Mombasa hewa nzito inaushika: kasoro ileile ndogo inaonekana kubwa. Pia huko Mombasa mpira hupata mpaao zaidi, kwa hiyo lofti iliyofaa Nairobi inaweza kuzidi kwako, hasa upepo wa bahari ukikujia usoni. Lakini usiishushe kabla ya poda, kwa sababu utaufungua uso na mpindo utakua. Kama alama ziko kisigino, anza kwa kusogea nyuma nusu ya hatua kutoka kwenye mpira. Niletee majibu, nitafurahi kuyaona.

Kedi wa Arusha: Nyongeza kwa hatua ya 3. Chora mstari wa kalamu kwenye tii zako zote, uzizamishe ardhini mpaka hapo kila mara. Ninaowabebea mifuko hubadilisha urefu wa tii bila kujua, halafu lawama kwa draiva.

Jibu: Nzuri sana hii, kaka. Ifuateni wote.

Mgeni: Shafti ya inchi 46 inaruhusiwa?

Jibu: Ndiyo. Kanuni ya jumla ni inchi 48, kwa urefu wa fimbo nzima. Kuanzia Januari 2022 waandaaji wanaweza kuweka kikomo cha 46, na hiyo ni zaidi kwa mashindano ya juu.

Dada wa Nyali: Nimepaka. Alama ziko kisigino, karibu zote. Swali la mwisho: mfuko nauacha kwenye buti ya gari siku nzima, kuna neno?

Jibu: Basi tumeipata, sogea nyuma na skrubu iache kama ilivyo. Kuhusu buti: joto la huko hulainisha gundi inayoshika shafti na shingo. Ukisikia kitu kinacheza au kinagonga ndani unapoitikisa, usipige tena, mpelekee fundi.